Upande Wangu wa Kichwa

Saluni yetu iko mtaa wa Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi. Wateja wana haraka, kwa hiyo kichwa kimoja tunakisuka wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, tunakutana utosini. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo nilivyomwambia mwenzangu siku alipokuja kwangu kujifunza, hajui hata kushika kitana. Nilimwanzisha na kuchambua: azivute nywele za pakiti, azigawe vifungu vyembamba, anipe mkononi. Kifungu kikiwa kinene namrudishia, achambue upya. Mwaka mzima. Nilikuwa mkali, sikatai.

Kusuka wawili kunataka mikono ivute sawasawa, mteja asijue nani kasuka wapi. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua. Kisha vidole vyangu vikaanza kukakamaa. Daktari akasema ni baridi yabisi, nipumzishe mikono. Nilicheka. Mikono ya msusi ipumzike, mdomo wake ule nini? Sikumwambia mtu. Nikasuka nimeuma meno, na misuko yangu ikaanza kulegea.

Mwenzangu aliona. Nikienda kuswali adhuhuri, nikirudi nakuta upande wangu umekazwa. Sikumshukuru. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Kwetu sisi Wanubi ubani haukosekani nyumbani, lakini marehemu bibi yangu hakuchoka kutuambia kwamba la kuvunda halina ubani. Langu lilivunda mbele ya bibi harusi. Alikuwa binti wa askari, kazaliwa kambini, na harusi yake ilikuwa kesho yake. Asubuhi ile nilimwambia mwenzangu asiguse upande wangu, mimi si mtoto. Kiburi tu. Alinitazama, akasema, "Sawa, mwalimu."

Tulisuka kwa muda wa saa tano. Mwishoni tukachovya ncha kwenye maji ya moto, zisifumuke. Upande wake ukatulia. Upande wangu, misuko ilipopata uzito wa maji, ikaanza kuteleza kutoka kwenye mizizi, hadi mmoja ukabaki mkononi mwangu. Nikasimama nao, sijui niuweke wapi.

"Mama, hii upande yako nywele inatoka," bibi harusi alisema, kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Mimi naolewa kesho."

Mwenzangu akafumua upande wangu wote na kuusuka upya peke yake. Mimi nikashika ufagio, nikafagia kazi yangu sakafuni.

Jumatatu niliwahi kufika kuliko wote. Mteja wa kwanza alipokaa, nikashika kitana, nikasimama upande wangu wa siku zote. Mwenzangu alikitoa kitana mkononi mwangu taratibu, akaweka pakiti ya nywele mahali pake.

"Mwalimu," alisema, "leo wewe chambua tu."

Nilitaka kumtukana. Nikakaa kwenye kigoda, nikachambua. Hata hilo vidole vilikataa: vifungu vingine vilitoka vinene kama kamba ya mbuzi, vingine havikufaa kitu. Nilimpa kimoja kimoja. Alivipokea vyote, hakunirudishia hata kimoja.