Chupa za Mzunguko wa Nne

Kabatini mwangu kuna sweta ya kijivu ambayo siivai na wala sithubutu kuitupa. Niliinunua kwenye duka la mitumba majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Minneapolis, na kwa miezi kadhaa niliipenda kuliko nguo zangu zote. Ilikuwa nzito, na mikono yake ilikuwa mirefu mpaka ikafunika vidole. Nimewahi kujidanganya kwamba sweta hiyo ndiyo iliyoniponza. Si kweli. Niliponzwa na uvivu, halafu na woga, na sweta ilikuwepo tu.

Nilikuwa msaidizi katika maabara chuoni, chini ya dada mmoja Mkenya aliyekuwa mwaka wa tano wa masomo yake ya uzamivu. Alikuwa akichunguza zooplanktoni wa bahari za baridi, yaani wadudu wa majini ambao mkubwa wao hapiti punje ya mchele. Alikaa melini huko kaskazini wiki nyingi, akitapika na kuvua, kisha akawasafirisha wadudu wake pamoja na maji yao mpaka kwenye chumba chetu cha baridi, katika mji ambao hauna bahari karibu hata ya kusingiziwa.

Mama yangu, aliyeko Tukuyu, aliniuliza kwa simu ni kazi gani hasa ninayofanya. Nikamweleza kwamba baharini kuna majani madogo yasiyoonekana kwa macho. Wadudu huyala, kisha hukojoa, na mkojo wao una amonia, ambayo ni mbolea. Majani yaliyobaki huinywa na kuota tena. Kinyesi kizito huzama na mbolea yake, wakati mwingine hadi kilindini ambako haifai kitu kwa majani yanayohitaji jua. Dada alitaka kujua, katika maji yale ya baridi, wadudu wanarudisha mbolea kiasi gani kule juu. Mama amefuga ng'ombe wa ndani na kumwagia migomba samadi tangu sijazaliwa, kwa hiyo hakuhitaji maelezo zaidi.

"Kwa hiyo umevuka dunia kwenda kupima mkojo wa wadudu," alisema. "Haya, mwanangu. Upime vizuri."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa tulijaza chupa maji ya bahari, nyingine tukatia wadudu, nyingine tukaziacha bila wadudu, zote zikazungushwa taratibu kwenye gurudumu ndani ya chumba cha baridi. Jumamosi mchana tulizifungua. Dada alishughulikia zisizo na wadudu, mimi zenye wadudu: niwachuje mmoja mmoja, kisha maji niyagawe kwenye vichupa vidogo. Nusu ya vichupa tulivipima, nusu tukavigandisha kuwa akiba, ili kama kuna mashaka tupime upya. Seti moja ya chupa tuliiita mzunguko.

Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni na kunionya. "Sikiza vizuri. Amonia iko kila mahali, kwa jasho, kwa sigara, kwa sabuni. Na maji baridi inaivuta haraka sana. Ukikuja, unanawa na hii maji safi, unavaa gloves mpya, unabadilisha nguo ya juu. Halafu una-sign hapa. Usini-sign-ie kitu hujafanya, tafadhali."

Nilitia sahihi kila Jumamosi. Kunawa nilinawa, kwa haraka haraka. Nguo ya juu sikubadilisha hata siku moja, maana mle ndani kulikuwa na baridi ya kugandisha meno, na koti la maabara lilikuwa jepesi kama shuka. Nilivaa koti juu ya sweta yangu. Mikono yake ilichungulia, na nilipoinamia chujio, ilichovya ndani ya maji. Niliona. Nikajiambia ni maji tu.

Sasa, Jumamosi hizo hizo asubuhi nilikuwa New Hope, kitongoji nilichoishi. Nilipanga chumba kwa familia moja ya Wakongo, na mama mwenye nyumba ndiye aliyesimamia usafi wa ukumbi tuliokodi kwa ibada. Desturi yao ilikuwa kwamba asiye na mtoto wa kubeba Jumapili, Jumamosi anabeba ndoo. Mimi nilipewa milango ya vioo.

"Mwana wangu, ona, bioo biko na bidole bya batoto," mama aliniambia kila wiki, kana kwamba ni habari mpya. "Chukua ile produit ya bluu."

Nilichukua ile dawa ya bluu, nikapuliza, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa mbali, mara nyingi nilifutia kwa mkono wa sweta. Kisha nikakimbilia basi la kwenda chuoni nikijiona mtu mwema kweli, mtumishi wa Mungu asubuhi na wa sayansi mchana.

Mizunguko mitatu ya kwanza ilitoa amonia nyingi mno kwenye chupa zenye wadudu. Dada aliangalia mchoro kwenye kompyuta akashika kichwa. "Maze, cheki hii! Hawa animals wanarudisha karibu kila kitu wanakula!" Alinikumbatia. Sikuwahi kumwona akimkumbatia mtu. Baada ya miaka mitano ya kuambiwa aongeze hiki, arudie kile, alikuwa na jambo la kusema, na sura nzima ya tasnifu yake ilisimama juu ya jambo hilo.

Mzunguko wa nne, ambao ulikuwa wa mwisho, uliangukia Jumamosi ya theluji kubwa. Mabasi yalisimama asubuhi, usafi ukaahirishwa, na mchana dada alikuja mwenyewe na gari kunichukua. Siku hiyo amonia ilishuka hadi chini kabisa. Hatukuelewa. Dada alinuna wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye vioo tena. Dawa ilinirukia jichoni, ikachoma, nikageuza chupa kusoma kama ina madhara. Neno la amonia lilikuwa la pili katika orodha. Nilisimama pale na jicho linalotoka machozi, nikatazama mkono wa sweta, umeloa mpaka karibu na kiwiko. Sikuhitaji kompyuta kunieleza. Sikuwa nimepima mkojo wa wadudu. Nilikuwa nimepima usafi wa kanisa.

Nikaapa kumwambia dada kesho yake, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa amemwalika ibadani. Dada si mtu wa kanisa, lakini ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama. Alisema miaka mitano ameona giza, na sasa Mungu amemfungulia mlango kupitia viumbe wadogo ambao hakuna anayewajali. Wamama walipiga vigelegele. Mama mwenye nyumba alilia na kunipapasa mgongoni, maana alijua na mimi nimo katika kazi hiyo. Nikapiga makofi pamoja nao. Bado nayasikia makofi yangu.

Nikahamishia kiapo Jumatatu. Jumatatu nilimkuta ameshafungua friza.

"Imejaa," alisema. "Hizi spare za round four tumwage. Nafikiri hao animals walikuwa wamechoka tu, ama unaonaje?"

Aliniuliza. Angeweza kuniamuru, lakini aliniuliza, na alisubiri jibu huku ameshika trei.

"Labda walichoka," nikasema.

Nikapokea trei. Nikayeyusha vichupa kwa maji ya moto, nikavimwaga sinki kimoja kimoja, nikavisuuza vizuri sana, nikavipanga vikauke. Yale ndiyo maji pekee ambayo mikono yangu haikuyachafua. Kwenye daftari dada alipiga mstari mmoja juu ya matokeo ya siku ile ya theluji.

Baada ya hapo nilinawa kama daktari wa upasuaji na kuacha sweta nyumbani, wakati hapakuwa tena na chupa za kufungua. Wadudu walikuwa wamekwisha, na meli ya kwenda kuvua wengine haikuwa ya kesho. Nilikonda. Mama mwenye nyumba alidhani nina mchumba.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, dada alinitumia rasimu ya sura ile nisome. Kwenye shukrani alikuwa ametaja jina langu, na kuongeza kwamba alishukuru uangalifu wangu. Nilisoma neno hilo moja mara nyingi kuliko sura yote. Jumamosi hiyo alinirudisha New Hope kwa gari lake kabla ya kwenda kwake Burnsville, na alipoegesha mbele ya ukumbi wa ibada nikamwambia yote: dawa ya bluu, sweta, sahihi za mlangoni. Mbele yetu milango ya vioo ilikuwa inang'aa, kwa sababu niliifuta mwenyewe asubuhi.

Alizima injini. Nilidhani atauliza kuhusu mizunguko mitatu, au atanitukana, na nilitamani anitukane.

"So round four hawakuwa wamechoka," alisema.

"Hawakuchoka, dada."

"Ndio walikuwa sawa. Peke yao."

"Ndiyo."

Alihesabu kitu kwa vidole juu ya usukani. "Zile spare tulimwaga lini?"

"Jumatatu."

"Na hiyo label ulisoma lini?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Jumamosi," nikasema. "Ile ya kabla."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, akaangalia mikono yangu, kisha akanyoosha mkono na kunifungulia mlango kwa ndani.

"Shuka," alisema. "Tafadhali."