Deli Lililorudi na Shombo

Siku mama alipofariki, deli lake halikuwepo nyumbani. Lilikuwa limeazimwa kwenye harusi mtaa wa pili, huku huku Mbagala. Deli lenyewe kubwa, la bluu, mfuniko wake unabanwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa miaka mingi alibebea humo juisi ya ukwaju ya kuwauzia mafundi seremala wa Keko. Ukitokea msiba mtaani biashara ilisimama. Mama alilijaza barafu na maji, akaenda nalo msibani mwenyewe.

Huko alikuwa na desturi yake. Akimwona mfiwa amekaa tu, macho makavu, alifunga kipande cha barafu kwenye leso akamwekea kiganjani. Niliwahi kumuuliza maana yake. Akasema mtu wa namna hiyo apewe kitu cha kushika, basi.

Sasa msiba ulikuwa wetu, na mwenye macho makavu nilikuwa mimi. Sikusikia uchungu wala nini. Niliitikia pole, nikawaamkia wakubwa, nikaonyesha pa kufunga turubai. Wanawake kwenye mikeka walinitazama kama watu wanaongoja chai ichemke, na mimi mwenyewe nikaanza kuogopa kwamba mama atazikwa kabla sijamlilia.

Deli likarudishwa asubuhi ile ile. Nilipolifungua, shombo. Walikuwa wametia samaki humo, na mama angekusamehe yote ila hilo. Nilikasirika, na nikafurahi kukasirika, maana tangu alfajiri sikuwa nimehisi kitu kingine. Nikalipeleka uani, nikalisugua kwa ndimu na sabuni ya unga.

Shangazi akanifuata. "Mama yako anaoshwa huko ndani, wewe unaosha deli?"

Nikamjibu kwamba watu watataka maji ya baridi. Akasonya, akaondoka. Alinikera, lakini hakukosea. Nilikuwa nimeitwa kusaidia kumwosha, nikashindwa kuvuka kizingiti.

Deli lilipotakata, jirani mwenye friza alileta barafu. Ni mjane; mumewe alipofariki, mama alishinda naye siku nzima. Alinitazama nikipanga chupa za maji, kisha akavunja barafu, akafunga kipande kwenye leso, akakiweka kiganjani mwangu na kunifumba vidole.

"Shika, mwanangu. Mie mama yako alinipa hivi hivi."

Nikashika. Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko, maji yakachuruzika kwenye gauni. Nilingoja machozi, hayakuja. Wanaume wakalitoa jeneza, wakapita nalo mbele yangu kuelekea makaburini, nasi wanawake tukabaki uani. Nilipofumbua kiganja, leso ilikuwa chapachapa na ndani yake hamna kitu.

Nikamwomba jirani anipe kipande kingine.