Mikono Iliyoruka Yenyewe

Mara ya kwanza kuona mikono ya mwanangu ikiruka, nilikuwa namlaza kitandani. Kichwa chake kiliteleza kidogo tu kutoka kwenye kiganja changu. Ghafla mikono yote miwili ikafunguka, vidole vikatawanyika, macho yakatoka, kisha mikono ikarudi kifuani ikitetemeka kana kwamba anamkumbatia mtu. Halafu akalia. Mimi sikulia. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda nikishindwa hata kumwinua.

Nilidhani najua ninachokiona. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kifafa. Kwake kilianza na mshtuko mdogo tu, mkono ukiruka na kumwaga chai, na sisi tukimcheka. Kiliishia kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea mbuzi nyumbani kwetu Kalamba, mahali ambapo maji yalimfika magotini akisimama. Alikuwa amekwenda kuchota ndoo moja. Kwa hiyo nilipoona ile mikono, sikumwona mtoto mchanga wa Ikutha, nilikoolewa. Niliona yale maji.

Nikaanza kuishi kwa kunyata. Nilimfunga mtoto kifuani kwa leso mchana kutwa ili nisimlaze. Mlango wa mabati niliuwekea kitambaa usigonge. Mume wangu, anayeuza vipuri huko Malili na huja nyumbani mwisho wa mwezi, alipiga simu akaniuliza mbona nanong'ona. Nikamwambia mtoto amelala. Ningemwambia nini kingine?

Mama mkwe wangu ni mtu mzuri sana akinyamaza, ila hanyamazi. Siku moja kifuniko cha sufuria kilimponyoka jikoni, na mtoto akaruka mbele ya macho yake. Akaja akasimama juu yetu na mwiko mkononi.

"Mtoto amefanya nini?"

"Ameshtuka tu, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Hiyo si kushtuka. Mimi nimezaa, najua kushtuka." Akaniangalia sana. "Kwenu kuna hii kitu?"

Nikamvuta mtoto kifuani, na akawa amejibiwa. Tangu siku hiyo hakumbeba tena mjukuu wake. Alimsalimia kutoka mlangoni.

Jumapili akanipeleka mbele ya kanisa. Sikukataa, maana nilikuwa nimeogopa kiasi kwamba ningempeleka popote. Kanisa letu ni la mabati, na lina spika mbili kubwa zilizonunuliwa kwa harambee, ambazo wazee wa kanisa wanazipenda kuliko madirisha. Tuliwekwa kati ya spika hizo. Pasta akamchukua mtoto kwa mkono mmoja, maikrofoni kwa mwingine, na waumini wakasimama.

"Toka!" akanguruma.

Mikono ya mwanangu ikaruka.

"Mnaona? Imesikia! Toka!"

Ikaruka tena. Kila neno likitoka kwenye zile spika, mtoto alifunguka mikono, akajikunja, akafunguka tena, na kila alipofanya hivyo kanisa zima lilipaza sauti, na sauti ikamrusha zaidi. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti. Mimi nilisimama na leso tupu mabegani, nikiamini kila kitu. Niliwaza ni mapepo mangapi yameingia ndani ya kiumbe hiki kidogo, kama hayaishi kutoka.

Kisha stima ikapotea. Spika zikafa. Pasta, aliyekuwa amekauka koo, akaendelea kuomba kwa sauti ya chini, na mwanangu akapiga mwayo akalala. "Imetoka," mtu akasema, na kanisa likashukuru kwa machozi. Hata mimi nilianza kulia. Bado tunapangusa macho, stima ikarudi, maikrofoni ikapiga mlio mkali, na ile mikono ikaruka kuelekea darini.

Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi la mbele alimhamisha mtoto wake kutoka paja la upande wangu hadi lile lingine. Alifanya taratibu, kwa adabu, na nikaelewa maisha ya mwanangu yatakuwaje.

Njiani mama mkwe alisema tutarudi kwa maombi ya kufunga. Nikamwambia kesho ni siku ya chanjo, kwanza twende zahanati. Ilikuwa kweli, lakini sikuwa nawaza chanjo. Nilitaka mtu aniambie waziwazi, hata kama ni kile nilichokiogopa.

Nesi alikuwa mama mnene mwenye haraka. Nilimweleza yote, na la mdogo wangu pia, huku mama mkwe akisikiliza kutoka kwenye benchi. Nesi akamlaza mtoto juu ya mikono yake, akakishusha kichwa kidogo, akakidaka. Mikono ikaruka. Nikafumba macho.

"Fumbua, mama. Zimepanda zote mbili, sawasawa. Mtoto mdogo akihisi anaanguka, ama akisikia kelele, mwili yake inajirusha yenyewe. Itaisha akikua. Kama hangefanya hivi, hapo ndio mimi ningeogopa."

Niliyasikia maneno, lakini hayakuingia. Nikamuuliza atajuaje kwamba si kifafa.

"Ikianza, ukishika mkono yake, inakuwaje?"

"Sijawahi kuushika, sista."

Ni kweli, sikuwahi. Kila iliporuka niliondoa mikono yangu kama mtu aliyegusa jiko. Mkono wa mdogo wangu nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu yote miwili, nikaulalia kwa kifua, na ukaendelea kupiga chini yangu kana kwamba sipo. Sikutaka kusikia jambo lile tena ndani ya ngozi ya mtu.

"Ya kifafa huwezi kuisimamisha kwa kushika," nesi akasema. "Hii inasimama. Mshike."

Akamlaza mtoto kwenye meza ya kupimia. Mama mkwe akainuka kwenye benchi akaja karibu. Nesi akapiga makofi mara moja juu ya kichwa cha mtoto, paa, na mkono mdogo ukafunguka, na mimi nikaudaka. Ulitetemeka ndani ya kiganja changu. Nikauleta kifuani pake polepole, nikasubiri.

Ukatulia.

Nilikaa nimeushika. Ulikuwa na joto, na umelegea kabisa.

"Piga tena," nikasema.

Akapiga. Nikaushika. Ukatulia.

"Piga tena, sista."

"Mama, unaona mtoto analia."

Alikuwa analia kweli, uso mzima mwekundu, na mama mkwe alikuwa amenyoosha mikono ampokee.

"Mara moja tu," nikasema, na sikuuachilia ule mkono. "Tafadhali. Piga tena."