Kaimu na Doa Lililorudi

Baba yangu alikuwa kaimu kwa miaka kumi na tisa. Kaimu wa nini, majirani walishasahau siku nyingi. Walimwita Kaimu tu, kama jina alilozaliwa nalo. Mwenye duka: "Kaimu, mkate umeisha, njoo kesho." Mama naye, siku akikasirika: "Humu ndani wewe si kaimu wa mtu, wewe ndiye mwenyewe, kwa hiyo panda ukaangalie hilo paa."

Kwenye karatasi alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Vitu vya Mbali. Kitengo kilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba na masinki. Darubini yenyewe ilikuwa mlimani, mwendo wa siku nzima kwa gari, na baba aliwahi kuiona mara mbili tu. Kazi yake haikuwa kutazama nyota, ilikuwa kutazama karatasi za wanaotazama nyota. Huko mbali, kupita sayari ya Neptuni, kuna mabonge ya barafu na mawe yanayolizunguka jua taratibu, mengine huchukua miaka mia tatu kumaliza mzunguko mmoja. Mtu wa darubini akiona kidoto, yaani nukta ndogo ya mwanga, kimesogea kwenye picha zake, anajaza fomu, na fomu inakuja kwa baba. Baba anakipa kidoto namba ya muda. Kisha kinasubiri miaka, mpaka njia yake ijulikane bila wasiwasi. Hapo ndipo kinapangwa kwenye kundi lake, kinapewa namba ya kudumu, na aliyekiona wa kwanza anaruhusiwa kukichagulia jina.

Makundi yalikuwa matatu: vinavyokwenda kwa hatua moja na Neptuni, vitulivu vinavyojiendea zao bila kumsumbua mtu, na vilivyotawanyika, ambavyo leo viko huku na kesho hujui utavikuta wapi. Ndugu zetu nao baba aliwapanga hivyo hivyo. Shangazi alikuwa mtulivu. Upande wa mama, karibu wote walitawanyika. Mume wangu, baada ya miaka minne ya ndoa, alikuwa bado na namba ya muda.

"Baba, tuna watoto wawili," nilimwambia.

"Njia yake haijathibitika," akanijibu. "Tusubiri kidogo."

Alikuwa amefundisha hesabu shule kabla ya kuingia kitengoni, na ualimu haukumtoka. Kwa majina ndiyo usiseme. Jina lisizidi herufi kumi na sita. Lisiwe la paka wala mbwa wa mtu. Lisiwe tusi katika lugha yoyote, na hapo alipiga simu kuulizia mpaka kwenye balozi. Lisiwe la mtumishi wa kitengo aliye bado kazini. Jina likishagongwa muhuri mwekundu wa kukataliwa, basi, halirudi tena mezani milele. Na fomu ikiingia ijibiwe siku hiyo hiyo. Katika miaka ishirini na sita hakuna fomu iliyolala juu ya meza ya baba. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia watoto wake, na sisemi kwa uchungu, nasema lilivyo.

Huo ukaimu ulikuja hivi. Mkuu aliyemtangulia alikuwa mzee mkali ambaye kitengo kizima kilimwita Mzee Hapana, kwa sababu ndilo neno alilolipenda. Kanuni nyingi alizitunga yeye. Siku ya kustaafu alibakiza barua moja tu ya kusaini, ya kumthibitisha baba kwenye kiti. Hakuisaini. Aliandikiwa, akanyamaza. Wakubwa wa makao makuu wakasema bila saini yake hawana la kufanya, wakaendelea na chai. Baba akakalia kiti, na ubao wa mlangoni ukaandikwa neno Kaimu kwa chaki, maana lilikuwa la muda. Kila mvua za upepo zikipiga korido, baba alikuja na chaki yake kutoka nyumbani akaliandika upya.

Sasa ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Kulikuwa na mwanasayansi kijana mlimani, mwanamke mmoja mchangamfu tuliyemwita Daktari, ambaye alikuwa ameona kidoto chake cha kwanza miaka miwili nyuma. Alikuja nyumbani baba akiwa kazini, akakaa jikoni na mama, akanong'ona kana kwamba masufuria yana masikio. Alisema kidoto kile anataka kukipa jina la baba. Jina lake hasa, lile la kwenye cheti, herufi tisa, ambalo hata mama halitumii. Angepeleka fomu Jumatatu baada ya baba kustaafu, ili ile kanuni ya watumishi isimguse.

Mama alilia ndani ya kanga yake. Halafu akanishika mkono akasema, "Fundi, nishonee gauni." Mimi ni fundi cherehani, na tangu nianze kazi hiyo mama hakuwahi kunipa kitambaa cha bei ile.

Tulificha siri kama familia yetu inavyoficha siri: baada ya wiki baba alikuwa anajua. Hakusema kitu. Ila nilimwona mara mbili akisimama mbele ya kioo cha kabati akinyoosha kola bila sababu. Miaka kumi na tisa ya chaki, na sasa jina lake lingeandikwa mahali ambapo mvua haifiki. Alilitaka, jamani. Alilitaka mpaka akaanza kula polepole.

Na ndiyo maana nilitamani kumzaba kibao alipofanya alilofanya.

Ilikuwa miezi miwili kabla ya kustaafu. Kabla kidoto hakijapewa namba ya kudumu, kanuni inataka kabati lote la majalada ya zamani lipekuliwe, isije ikawa kiliwahi kuonekana kikasahaulika. Hakuna aliyekuwa anafuata kanuni hiyo mpaka droo ya chini. Baba aliifuata mpaka droo ya chini. Humo kulikuwa na jalada lililoandikwa MADOA, la vidoto vilivyoonekana kuwa ni uchafu tu wa kioo cha kamera. Akakuta karatasi ya miaka ishirini na sita nyuma. Akapiga hesabu ya njia. Akapiga tena. Kidoto cha Daktari kilikuwa kile kile. Aliyekiona alikuwa Mzee Hapana, ambaye enzi hizo alikuwa bado anapanda mlimani kutazama mwenyewe. Na mwandiko uliosema "doa, lifungwe" ulikuwa wa baba mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini.

Alitueleza mezani, chakula kikipoa.

"Nani mwingine ameiona hiyo karatasi?" mama akauliza.

"Hakuna."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi rudisha kwenye droo, bwana wee! Imekaa humo miaka ishirini na sita haijalalamika!"

"Aliyeona kwanza ndiye mwenye haki ya jina," baba akasema. "Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

Baba akakohoa. "Ya Mzee Hapana."

Mama akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo bado tulikuwa tunavilia. Siku tatu hakumsemesha. Kama alitaka chumvi, aliniambia mimi nimwambie Kaimu asogeze chumvi.

Daktari alipopata barua, alimpigia baba simu, akacheka mpaka akakohoa. "Mzee wangu," alisema, "wewe ni mtu wa ajabu." Na hakuwa na kinyongo hata chembe, jambo lililomfanya mama azidi kukasirika, maana sasa alibaki na hasira peke yake.

Kanuni ilitaka mwenye haki aarifiwe ana kwa ana kama yuko ndani ya mji. Nilimsindikiza baba, kwa kuwa nilitaka kumwona huyo mtu. Mzee Hapana alikuwa na miaka themanini na minne, amekaa barazani kwake na blanketi magotini, akilumbana na redio.

"Shikamoo, Mzee," baba akasema.

"Marahaba, Karani." Miaka kumi na tisa, na bado karani. "Umekuja kuomba ile saini?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kukujulisha kwamba una kitu chako huko juu." Akampa karatasi zote mbili, ya zamani na ya Daktari.

Mzee alizisoma akizisogeza karibu na pua. "Nilikwambia si doa," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia. Ukaniambia, wewe uliyekuwa na wiki moja kazini, kwamba kanuni inataka picha za siku tatu, na mimi ninazo za siku mbili."

"Kanuni ilisema hivyo, Mzee."

"Kanuni niliitunga mimi!"

"Ndiyo, Mzee. Lakini za siku mbili zilitakiwa ziende jalada la kusubiri. Mimi nilizipeleka kwenye madoa. Nilikosea."

Redio ilikuwa inaongea peke yake. Mzee akainyoosha shingo.

"Rudia. Sikio hili si zima."

"Nilikosea."

"Na hili jingine."

"Nilikosea, Mzee!" baba akasema kwa sauti iliyowafanya kuku wa jirani wakimbie. Mzee Hapana alitabasamu, na nikaona kwamba hakuwa na meno ya mbele.

"Miaka arobaini nilitazama mbingu," akasema. "Niliona kitu kimoja tu. Kimoja. Wewe ukakiita uchafu." Kisha akazima redio. "Na ungeweza kunyamaza. Leo ungenyamaza nisingejua. Nipe fomu, uende."

Njiani nilimuuliza baba kama sasa ameelewa kwa nini hakuthibitishwa. Akasema ameelewa. Nikamuuliza kama anadhani ilikuwa haki. Akafikiri mpaka tukavuka barabara mbili. "Hapana," akasema. "Lakini ilikuwa na sababu. Mimi nilidhani haina."

Wiki zikapita, fomu ya Mzee Hapana haikuja. Mama alidhani atakipa jina la mkewe. Mimi nilidhani atakiita Doa. Barua nyingine ilikuja badala yake: Daktari ameteuliwa kuwa mkuu wa kitengo kuanzia Jumatatu ile, baba akishastaafu. Mkuu kamili, kwa wino, bila chaki. Baba alimpigia simu kumpongeza, na ninavyomjua, alipongeza kwa moyo wake wote. Kisha akaenda kulala mapema, jua likiwa bado linawaka.

Ijumaa ya mwisho mimi na mama tulikwenda kumchukua. Mama alivaa lile gauni kwa ubishi, akisema kitambaa hakina kosa. Daktari alikuwepo, amekuja kukabidhiwa funguo. Meza ilikuwa tupu: stepla, muhuri mwekundu, trei. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kazi ifungwe, mlango ukagongwa. Mjukuu wa Mzee Hapana, mwanamke mrefu mwenye kofia ya pikipiki mkononi, alileta bahasha. "Babu amesema iletwe leo. Kesho hataki kuiona nyumbani," akasema, akashuka.

Baba akafungua. Akasoma. Akakaa chini.

Nilisoma juu ya bega lake. Kwenye nafasi ya jina palikuwa na jina la baba, lile la kwenye cheti, herufi tisa, limeandikwa kwa mkono unaotetemeka. Kwenye nafasi ya sababu mzee aliandika mstari mmoja: "Aliwahi kusema amekosea, na hakuna aliyemlazimisha."

Mama alipiga kigelegele. Kisha akaiona sura ya baba, akaacha katikati.

"Mimi bado mtumishi," baba akasema. "Mpaka saa ya kufunga."

Sote tulikuwa tunajua. Fomu hujibiwa siku hiyo hiyo. Jina la mtumishi aliye kazini hukataliwa. Na likikataliwa halirudi. Mzee Hapana alikuwa anajua kuliko sisi sote, maana kanuni zote tatu ni zake, na siku ile aliichagua yeye. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamkomoa baba au anamuuliza kitu.

"Kaimu," Daktari akasema kwa upole, "iache tu hapo."

"Haijawahi kulala fomu juu ya meza hii."

"Ikilala moja meza haitavunjika," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Mume wangu. Nakuomba."

Baba alichukua muhuri mwekundu. Akaupuliza, kama kawaida yake. Akausogeza kwenye wino. Mimi nikageuka nikatazama dirishani, kwenye ukuta wa jengo la pili, kwa sababu nisingeweza kuvumilia. Nikasubiri mlio wa muhuri kugonga karatasi.

Haukuja. Nilipogeuka, muhuri ulikuwa ndani ya droo. Baba alikuwa anaiweka fomu katikati ya trei, anainyoosha kingo, anaiwekea stepla juu ili upepo usiichukue. Akamkabidhi Daktari funguo.

"Jambo zito kama hili," akasema, akifunga kifungo cha koti, "linataka mwenye kiti. Mimi ni kaimu tu."

Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, alisimama ghafla akageuza shingo kuangalia juu, kwenye mlango wa ofisi. Mama akamdaka mkono. "Thubutu," akasema, na tukaendelea kushuka.