Daftari la Migongo

Mimi naunga mifupa. Nimeunga mifupa Makwale tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na shule niliishia darasa la tatu. Sioni aibu kulisema. Waliofika chuo wakivunjika wanakuja kwangu, na hakuna anayeniuliza cheti.

Kwa miaka mingi daftari langu lilikuwa kichwa. Kisha akaja afisa wa afya, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Pwani, kutukagua sisi wa tiba asili. Akaomba rejista ya wagonjwa. Nikagonga paji la uso, nikamwambia iko humu. Hakucheka. Alisema atarudi, na asipoikuta kwenye karatasi, kibali changu hakitaongezwa muda.

Nikanunua kaunta buku Kyela mjini, lile nene la jalada gumu. Nikaandika nilivyojua: tarehe, jina, kisha neno "mguu". Aliporudi alifungua ukurasa mmoja akakuta watu watatu wa jina moja, wote "mguu". Huku kwetu ukiita jina la ukoo barabarani wanageuka watu kumi.

"Mzee," akasema, "mguu unaanzia nyonga unaishia kidole. Wewe ulishika wapi?"

Maneno ya kuandika sina mengi, na herufi zangu zimekaa kama nyayo za kuku. Lakini mkono unaochonga vipande vya mwanzi vya kufungia mifupa haushindwi kuchora mtu. Nikaanza kumchorea kila mgonjwa mtu wake, nikaweka alama ya kalamu nyekundu pale palipoumia.

Hata hapo nilikosea. Mtu niliyemchora alinitazama usoni, na kushoto kwake ni kulia kwangu. Hilo sikulifikiria. Akaja mama mmoja mkulima wa mpunga, siku yake ya kurudi. Nikasoma mchoro, nikamkanda bega kwa mafuta mpaka jasho likanitoka. Alinivumilia kwa heshima hadi nilipomaliza.

"Ndaga, tata," akanishukuru. "Sasa nikande na lile linaloniuma."

Siku hiyohiyo nikawageuza watu wangu wote. Tangu hapo nawachora wakinipa mgongo: kushoto kwake, kushoto kwangu. Kila ukurasa nikautia namba, na chini yake mgonjwa au aliyemleta anatia dole gumba. Afisa alipoiona ile rejista alisema hajapata kuona mganga anayegeuziwa mgongo na wagonjwa wake wote. Nikamwambia wakitoka nje wananipa mkono.

Mwaka jana daftari hilo ndilo lililonisimamia. Kijana mmoja aliteleza na pikipiki njia ya Ngana, mvua ikinyesha, mguu ukavunjika chini ya goti. Wiki kadhaa baadaye kaka yake akanishitaki ofisi ya kijiji. Alisema nilimfunga mdogo wake vibaya, na sasa mguu umepinda na unatoa usaha. Afisa akaitwa. Kijana akaletwa, akalazwa kwenye benchi. Watu wakajaa mlangoni na madirishani. Mtendaji wa kijiji aliniambia bila kuficha kwamba nikishindwa, banda langu la tiba linafungwa siku hiyo. Kazi ya maisha yangu yote.

Nikamwambia afisa atafute mwenyewe ile tarehe. Akaipata. Mtu yupo, mgongo wazi, na chini ya goti la kulia kuna alama nyekundu ndefu. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa herufi zangu za kuku: *Mfupa umetoka nje ya ngozi. Sifungi. Hospitali leo.* Chini yake, dole gumba la aliyemleta.

"Daftari ni lake," kaka mtu akasema. "Anaandika anachotaka."

Afisa hakubishana naye. Aliangalia namba ya ukurasa uliotangulia na ya unaofuata, akaona kurasa zote mbili zina wagonjwa wa siku ileile na madole yao, na hakuna karatasi iliyochomekwa. Kisha akachukua kidau cha wino mezani kwa mtendaji, akakisogeza mbele ya kaka mtu, akamwomba atie dole pembeni ya lile lililopo ili walinganishe.

Kaka mtu akaingiza mkono mfukoni.

Aliyesema ni mgonjwa, kutoka kwenye benchi. "Kaka, mwambie mama afisa ukweli. Uliogopa watanikata mguu."

Ikatoka yote. Kutoka kwangu hawakwenda hospitali. Walikwenda kwa mtu mwingine, asiye na kibali wala karatasi, ndiye aliyemfunga juu ya kidonda. Afisa akaagiza kijana apelekwe hospitali palepale, na alipelekwa. Mguu anao mpaka leo, ingawa anachechemea. Kibali changu kikatiwa sahihi juu ya meza ileile ya mtendaji aliyetaka kunifungia banda.

Mtendaji akataka kufunga kikao. Nikamwambia bado. Ukurasa wangu usomwe kwa sauti, wote waliokuja kuniona naanguka wausikie. Akausoma. Nikamwambia arudie, wa dirishani hawakusikia vizuri.