Mchanga wa Kukaangia Karanga

Miguu ya baba ilipokataa kumfikisha mto Lualaba, nilimtengenezea mto wake nyumbani. Nasema mto, lakini lilikuwa sanduku la vioo vya dirisha nililoliunganisha kwa gundi, likavuja na kuvuja tena kabla ya kutulia juu ya meza, karibu na kitanda chake. Wavuvi wakaniletea samaki wadogo ndani ya bidoni, dumu la plastiki. Mmoja alikuwa na ndevu, na tabia ya kujifukia mchangani akaacha macho tu nje. Baba alimpenda huyo kuliko wote, nadhani kwa sababu wote wawili walikuwa wakaidi.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimeweka mchanga. Yule mwenye ndevu alishinda akichimba kioo kitupu, mpaka pua ikachubuka na akaacha kula. Baba, kwa kumtazama, naye akaanza kurudisha ugali nusu sahani.

Nikanunua mchanga wa wajenzi, ule unaopitishwa mjini kwetu Kasongo kwa baiskeli. Niliusuuza ndoo kwa ndoo, na bado maji yakageuka chai ya maziwa. Nikauzoa wote kwa hasira. Nikafuata mwingine kijitoni, mweupe, wa kupendeza macho; baba akausugua kati ya vidole, akatikisa kichwa. Punje zake zilikuwa kali.

"Huyu analalia tumbo," akasema. "Umutafutie kitanda, hapana misumari."

Mchanga laini usio na udongo ulikuwepo nyumbani mwetu, na sote tulijua uko wapi. Ulikuwa jikoni, kwenye sufuria nyeusi ya mama: mchanga wake wa kukaangia karanga. Upande wa kwao, Wamaza, msichana akiolewa, mama yake humgawia mchanga wa jiko lake, uliochekechwa vizuri na kuzoea moto. Karanga hukaangwa humo zikinyunyiziwa maji ya chumvi, na chumvi hubaki mchangani mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana karanga za mama zilikuwa na ladha ambayo majirani waliitafuta wasiipate. Baba mwenyewe ndiye aliyeubeba kwa baiskeli siku ya kumleta bibi harusi, akilalamika njia nzima kwamba ameoa mwanamke pamoja na udongo wa kwao.

Nilipouomba, mama hakuinua hata macho.

"Ule muchanga njo ule mama yangu aliniachia. Haiko ya kuchezea na samaki."

"Acha mama yako," baba akaniambia kutoka kitandani. "Samaki iko samaki tu." Kisha akageukia ukuta. Mama alimwona alivyogeuka.

Asubuhi nilimkuta uani na beseni, anauosha mchanga ule. Anakoroga, anaonja maji kwa ncha ya kidole, anatema, anamwaga kwenye migomba.

"Bado iko chumvi," akasema. Samaki wa mto hawezi chumvi, na hilo hakuhitaji kufundishwa na mimi. Nilipomwambia inatosha, akanituma nilete maji mengine. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikakimbilia kuchota nisije nikalia mbele yake. Chumvi yote ya bibi yangu ilikwenda kwenye migomba. Sijawahi kumpenda mama kama nilivyompenda asubuhi ile, na sikumwambia; nilichota maji tu.

Tulipoumimina na maji yakatulia, yule mwenye ndevu alizunguka sanduku, akashuka, akajifukia mpaka yakabaki macho. Baba alicheka hadi akakohoa. Jioni alimaliza ugali wake, akaomba mwingine.

Siku hizi mama anakaanga kwa mchanga mpya, na karanga zake ni kama za watu wengine. Juzi baba alitafuna chache, akakunja uso.

"Mama, hii haina utamu ya zamani."

Mama alikuwa anapepeta maganda, wala hakuacha.

"Utamu yake iko mule kwa kioo, Muzee. Tafuna huku unaangalia."

Baba akamtazama samaki wake, akamtazama mama kwa muda mrefu zaidi, akanyoosha mkono kuchukua konzi nyingine ya karanga.