Siku Seipati Alipokaa Ndani

Mwalimu hodari kuliko wote mtaani kwetu Botshabelo hana cheti, na mwanafunzi wake ni mmoja tu. Seipati alimtoa bintiye Khauhelo shuleni baada ya kigugumizi chake kugeuzwa kichekesho cha darasa zima, mpaka mtoto akawa haongei hata nyumbani. Mama akajifunga kibwebwe. Kila asubuhi walisomea kwenye meza ya jikoni, na Khauhelo alipokwama, Seipati alisubiri bila kumdakia neno. Wenye midomo walisema anafuga mtoto kama kuku. Hakuwajali. Polepole Khauhelo akarudi kuongea, akawa anabishana hadi na redio.

Rafiki ndiye hakupatikana. Ntate Moeketsi, mume wa Seipati, alivumilia, mwishowe akasema.

“Mama Khauhelo, hesabu anajua. Lakini watoto wenzake anawasalimia kama wazee wa kanisa! Mwaka ukiisha hana hata rafiki mmoja, Januari anarudi shule.”

“Arudi wakamcheke tena?”

“Na hapa anacheka na nani? Na wewe?”

Swali hilo lilimuuma Seipati.

Mchana watoto wa mtaa walicheza mantlwane, mchezo wa kujifanya watu wazima, nyuma ya nyumba ya jirani. Kila mmoja alikuja na unga kidogo au nyanya ya kwao, wakapika kwenye makopo, huyu akiwa mama, yule bibi. Kwa pupa ya mapenzi, Seipati akapika sufuria nzima ya ugali na maini, akampeleka Khauhelo mwenyewe, akawapanga watoto mstari na kuwapakulia. Wakala, wakajifuta midomo, wakaenda zao. Khauhelo akabaki na sufuria tupu.

Bibi Masabata, mwenye nyumba ile, alicheka mpaka akashika ukuta.

“We Seipati! Mantlwane ni kupika, siyo kula! Umewashibisha, nani atawasha moto? Kesho mpe unga konzi moja, halafu wewe ukae ndani. Nimesema ukae!”

Kesho yake alimpa mtoto unga na kitunguu, akafunga mlango, akashika ufagio. Dirishani akamsikia Khauhelo akikwama katikati ya neno. Mtoto mmoja akamwigiza, wengine wakaangua kicheko. Mkono wa Seipati ukaenda kwenye kitasa. Machozi yalimlengalenga, lakini hakutoka. Wengi wetu tungekwishatoka na fimbo.

“Ngo-ngo-ngojeni nimalize!” Khauhelo akafoka. “Mo-moto wenu hauna hewa!”

“Haya, maliza basi,” akajibu Dineo, msichana aliyezoea kuamuru wenzake. “Tunakusikiliza.”

Jioni Khauhelo aliingia ananuka moshi, analia kwa kwikwi.

“Wamekufanya nini, mwanangu?”

“Di-Dineo! Leo nilikuwa bibi. Sasa anasema ke-kesho mimi ndiye mtoto mchanga! Nibebwe mgongoni! Sitaki! Kesho namwambia!”

Seipati akakaa chini palepale sakafuni, akamvuta mtoto kifuani, akicheka huku machozi yanamtiririka.

“Baba Khauhelo!” akaita kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani. “Njoo usikie! Binti yako kagombana na mwenzake, na kesho wanaendelea!”